Mlango Uliomrudisha Kila Mgeni

Simu ya kwanza ilikataa. Ya pili ikakataa. Kishikwambi cha Mzee Abdulkarimu, kilichoegemezwa kwenye birika la kahawa, nacho kikakataa kwa maneno yaleyale: ukurasa huu umeelekezwa mara nyingi mno.

Regina Gervasi aliziweka simu zote mbili juu ya mkeka.

"Blogu yako haijafutwa, Mzee," alisema. "Wala haijaibwa. Anayekuja kuisoma anapelekwa mahali, akifika anarudishwa, akirudi anapelekwa tena. Mwisho simu inachoka."

"Na nani anayempeleka?"

"Hicho ndicho nilichoitiwa."

Aliyemwita alikuwa Shadia, binti wa mwisho wa mzee huyo. Regina alikuwa ametumikia polisi hapa Kigoma kwenye dawati la makosa ya mtandao, kisha akaacha na kufungua ofisi yake pale Mwanga. Sare alikwishairudisha, lakini jina la Afande lilimng'ang'ania kila alikokwenda, kuanzia Kibirizi hadi Ujiji.

Kwanza alitaka kuijua nyumba kabla ya kuutazama mlango. Mzee Abdulkarimu alimweleza. Tovuti ilikuwa moja, ya ukoo. Ukiandika anwani yake tupu unafika kwenye duka la Pazi, mwanawe mkubwa, anayeuza nyavu na injini za boti mjini Kigoma. Ukiongeza alama ya mkwaju (/) na neno "simulizi" unaingia chumba cha ndani, kwenye blogu ya mzee mwenyewe. Humo aliandika habari za Ujiji: nani kaoa, nani kajenga, nani alidai ameona mamba kumbe ni gogo. Alikuwa na wasomaji Kalemie, Bujumbura na hata Muscat, na alipenda kuwataja kwa miji yao kama mtu anayetaja wajukuu.

Kisa kilianzia kwenye makala ya karibuni, iliyoitwa "Mkwe na Mawimbi." Haruna, kijana aliyemposa Shadia, alimkaribisha mzee kwenye boti waende Kibirizi kutazama injini mpya. Haruna ni mzaliwa wa Ilagala, mtoto wa mvuvi na mjukuu wa mvuvi. Kabla hawajaiacha bandari nyuma yao, mawimbi yakamshinda, akatapika ndani ya kofia ya mzee. Mzee aliieleza safari hiyo kwa uangalifu mkubwa, hakuacha kitu, na picha ya kofia akaiweka. Watu wakacheka pande zote mbili za ziwa. Kesho yake blogu ikafungika.

Na leo, baada ya sala ya alasiri, wazee wa Ilagala walikuwa wanakuja kupokea jibu la posa.

"Jibu lilikuwa ndiyo," alisema Mzee Abdulkarimu. "Sasa sijui. Mtu anayenifunga mdomo kabla sijampa binti, akishampata atanifunga nini?"

Kutoka uani Bi Ashura, mkewe, alisikia.

"Mbuzi ameshachinjwa," alisema bila kuinua kichwa kwenye mchele. "Mkibadili jibu, mwende mkamweleze wenyewe."

Shadia alimvuta Regina pembeni, karibu na mtungi. Hakulia wala hakumtetea mchumba wake. Alitaka jambo moja tu: kama ni Haruna, aambiwe yeye kwanza, kabla ya baba.

Regina alianza na kumbukumbu za walioingia. Blogu yoyote inaandika nani amefungua kwa neno la siri na lini. Watu wawili tu walikuwa na neno hilo: mzee mwenyewe, na Haruna, aliyepewa wakati fulani ili arekebishe saa ya blogu iliyokuwa ikichelewa. Regina akashusha kidole kwenye kioo. Jioni ile makala ilipotoka, jina la Haruna lilikuwa limeingia.

Mzee Abdulkarimu alijipiga paja.

"Kuingia si kuvunja, Mzee," Regina alisema. "Nitumie neno la siri la folda yako. Na usiseme lolote kwa mtu mpaka nirudi."

"Wazee wako njiani."

"Basi nitakimbia."

Haruna alikuwa Kasingirima, kwenye chumba alichopanga, na kanzu mpya ilining'inia mlangoni ikiwa imepigwa pasi. Alipomwona Regina akishuka kwenye bajaji pamoja na Shadia, alitafuta mahali pa kuweka mikono asipaone. Alikuwa fundi wa injini pale bandarini, mrefu, mwenye sauti ya chini isiyolingana na kimo chake. Aliwasalimu kwa Kiha, mwakeye, ingawa asubuhi ilikuwa imekwishapita.

Regina alimuuliza kama aliingia kwenye blogu ya mkwe wake. Akasema hapana. Akamuuliza mara ya pili, taratibu zaidi, na akamwonyesha jina lake kwenye kumbukumbu. Haruna aliitazama kanzu. Kisha akaomba Shadia atoke nje kidogo.

Shadia alitoka akasimama chini ya dirisha.

"Nilikwenda kwenye maoni," Haruna alisema. "Kuna maoni fulani pale, ya msomaji wa Kalemie."

"Yanasemaje?"

"Yanasema alikuwa kwenye boti ya jirani. Na kwamba mawimbi ya siku ile hayajawahi kuonekana, na kijana alijitahidi sana."

Regina aliandika neno moja kwenye kiganja cha mkono wake, kama ilivyokuwa desturi yake, ili asitabasamu.

"Na msomaji huyo wa Kalemie anaishi wapi?"

"Hapa," alisema Haruna. "Mzee huwa anayapitia maoni kabla hayajaonekana. Nilijua hatayapitisha yale. Nikaingia nikayapitisha mwenyewe. Wallahi, Afande, sikugusa kingine."

Chini ya dirisha Shadia alicheka mpaka akashika ukuta.

Regina hakumwamini mtu kwa sababu ya kuaibika kwake. Waongo nao huaibika. Akataka kuyaona maoni hayo. Haruna akasema ni rahisi, kwa sababu binamu yake alisambaza makala ile kwenye kundi la ukoo wao, na tangu hapo mzaha haujamwacha. Akafungua simu, akagusa kiungo kwenye ujumbe wa binamu. Kofia ikajaa kwenye kioo.

"Ngoja," alisema Regina. "Hiyo imefunguka?"

"Imefunguka."

"Ifunge. Fungua tena."

Ikafunguka tena. Regina akachukua simu yake, akaandika anwani ya makala hiyo moja yote, herufi kwa herufi, nayo ikafunguka. Akajaribu makala ya mamba na gogo. Ikafunguka. Akarudi mlangoni, kwenye neno "simulizi" peke yake, akakataliwa kama mwanzo.

Kisha aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamwita Shadia aingie.

"Kila mtu amekuwa akibisha mlango mkuu na kurudishwa, akadhani nyumba nzima imefungwa," alisema. "Vyumba viko wazi. Kilichoharibika ni mlango tu. Sasa fikirini. Mtu anayetaka kuficha aibu yake angefuta makala moja, basi. Huyu amefunga mlango wa mbele, na aibu yenyewe ameiacha dirishani kila mtu aione."

"Basi si Haruna," alisema Shadia.

"Bado sijasema hivyo. Nimesema ni mtu anayejali mlango kuliko kilicho ndani."

Alifungua kompyuta yake juu ya meza ya Haruna, kati ya spana na sahani ya maandazi, akaingia kwenye folda ya blogu kwa neno la siri la mzee. Palionekana shwari. Faili zote zilikuwa zile za kawaida, zinazokuja na blogu yoyote. Lakini Regina alikuwa amefanya kazi hii miaka mingi, na alijua kwamba kwenye seva, kompyuta inayotunza tovuti, kuna faili ambazo majina yake yanaanza na nukta, na kwa sababu ya nukta hiyo hazionekani mpaka uziombe. Akaziomba. Moja ikajitokeza.

Ilikuwa na amri chache tu. Akawasomea kwa Kiswahili. Mgeni yeyote anayefika kwenye mlango wa simulizi bila alama ya kuonyesha kwamba ametokea dukani, apelekwe dukani kwanza.

"Alama gani?" aliuliza Haruna.

Regina alieleza kwamba mtu akibonyeza kitufe kwenye ukurasa mmoja ili aende mwingine, kivinjari huwa kinamwambia mwenyeji mpya alikotoka yule mgeni. Ukurasa wa duka ulikuwa na kitufe cha kwenda kwa mzee. Kwa hiyo aliyepita dukani akabonyeza kitufe aliruhusiwa. Aliyekuja moja kwa moja alirudishwa akapite dukani.

Kisha akatazama tarehe ya faili ile, akageuza kompyuta ili wote waione. Iliandikwa kabla ya safari ya boti. Siku ile Haruna alikuwa hajatapika popote, na kofia ya mzee ilikuwa bado kichwani.

Shadia alimpiga mchumba wake begani kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Sasa nimetoka lawamani?" Haruna alimuuliza Regina. "Nimetoka mimi?"

"Umetoka nusu. Amri hii peke yake haizungushi mtu. Ilifanya kazi vizuri siku zote hizo, mpaka ilipopata mwenzake. Vaa kanzu yako, lakini usije mpaka nikuite."

Mwenzake alipaswa kuwa upande wa duka, na ufunguo wa upande huo ulikuwa kwa Pazi.

Pazi alikuwa mnene na mwenye furaha, na duka lake lilinuka nailoni mpya na mafuta ya injini. Regina hakumzunguka. Alimuuliza kama amebadilisha chochote kwenye ukurasa wa duka tangu makala ya kofia ilipotoka. Pazi akacheka kabla ya kujibu.

"Nimebadilisha, Afande. Watu wanaingia pale kuuliza bei, wakiiona wananuna. Nikasema wapite kwa mzee kwanza wacheke, ndipo waulize bei. Kila anayefungua duka anapelekwa kwenye simulizi moja kwa moja. Na hata bila hivyo, mimi nitatanguliaje mbele ya baba yangu?"

"Ulimwambia?"

"Zawadi huwa inatangazwa?"

"Na wewe mwenyewe ulijaribu kuufungua ukurasa wako?"

Pazi aliacha kucheka kidogo. "Wewe huwa unabisha hodi nyumbani kwako?"

Wateja wake, alisema, humpigia simu, na mtandao ukisumbua watu hudhani ni mtandao. Regina akamweleza kwamba baba yake yuko karibu kuivunja posa ya Shadia. Pazi alifunga duka bila kuhesabu chochote, akamwachia mteja mmoja injini mikononi.

Walipofika Ujiji, harufu ya pilau ilikuwa imeshafika barabarani. Shadia alikuwa ametangulia kurudi na alikuwa akitandika mikeka uani kwa haraka ya mtu asiyetaka kuulizwa. Kijana wa jirani alikuja kusema boti ya Ilagala imeonekana.

Regina aliketi mbele ya Mzee Abdulkarimu, akamsalimu upya, shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa mkato.

"Mzee, kuna faili moja kwenye folda yako. Inamtuma kila mgeni dukani kwa Pazi kabla hajakuona. Haruna hakuiandika."

Mzee Abdulkarimu alilitazama birika. Alilisogeza. Akalirudisha pale lilipokuwa.

"Ile si ya kuzungumza," alisema.

"Leo ni ya kuzungumza."

Akakiri. Alimwomba Leonardi, fundi wa kompyuta pale mjini, aiweke kimyakimya. Aliona watu wanamiminika kwake kusoma hekaya, kisha wanaondoka bila hata kuchungulia duka la mwanawe. Akaona si sawa. Waende wakamsalimie Pazi kwanza, watazame nyavu, ndipo waje barazani. Alinyamaza kwa sababu mtoto akijua baba anamtafutia wateja, ataona haya. Na ilifanya kazi vizuri, alisisitiza, kwa hiyo hakuona sababu ya kuitaja.

Pazi alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Macho yake yalikuwa yamelowa, na kwa mtu mnene vile hakuwa na mahali pa kujificha.

"Basi hivi ndivyo ilivyokuwa," alisema Regina. "Mgeni anafika kwa Pazi. Pazi anamwambia, mzee kwanza, anamsukuma ndani kabla hajabonyeza kitufe chochote. Aliyesukumwa hivyo hana alama ya dukani. Anafika kwako, wewe unamwambia, mwanangu kwanza, unamrudisha. Pazi anamsukuma tena. Hakuna adui hapa. Kuna watu wawili wanaopishana kwa adabu, na mgeni yuko katikati."

Bi Ashura alikuwa amekuja na mwiko mkononi.

"Hawa ndivyo walivyo," alimwambia Regina. "Kila Ijumaa mlangoni mwa msikiti. Huyu, tangulia baba. Yule, tangulia wewe mwanangu. Watu nyuma yao wanaungua na jua. Sasa wameupeleka ujinga huo mpaka Muscat."

Ilibaki kuamua nani atangulie, na hapo Regina alipata kazi ngumu kuliko upelelezi. Pazi alisema haiwezekani amri ya baba iondolewe ibaki yake. Mzee alisema haiwezekani amri iliyobeba heshima ya mwanawe ifutwe kwa ajili ya heshima yake mwenyewe. Sauti za wanaume zilianza kusikika upande wa ziwa. Regina alichukua ufunguo wa Pazi, akafuta amri ya duka. Akaingia kwenye folda ya mzee, akafuta amri ya nukta. Hakumuuliza yeyote kati yao.

"Anayetaka nyavu ataziona nyavu. Anayetaka simulizi atasoma simulizi. Kwenye kila ukurasa nimeacha kitufe cha kwenda kwa mwingine, na mtu atakwenda kwa miguu yake."

Simu ya Regina ilifungua duka. Kisha ikafungua simulizi. Simu ya Bi Ashura ikafungua. Mzee akagusa kishikwambi chake.

Ukurasa huu umeelekezwa mara nyingi mno.

Uso wa mzee ulikunjamana. Nje, mtu alipiga hodi, na Shadia akaitikia, karibuni.

"Tatizo haliko kwenye seva tena," alisema Regina upesi. "Liko kichwani mwa kishikwambi. Bwana Pazi, ulipoweka amri yako ulichagua iwe ya muda au ya kudumu?"

"Ya kudumu. Baba si wa muda."

"Ndiyo hiyo. Chombo kikiambiwa jambo ni la kudumu, kinalikariri, hakirudi kuuliza kwenye seva tena. Hiki kimekariri amri yako na ile ya mzee pia, kinajizungusha chenyewe kwa mazoea; simu zetu hazijakariri kama hiki kinachofungua ukurasa huo kila siku." Alikuwa tayari amefika kwenye mipangilio. Akafuta kumbukumbu za kivinjari, akamrudishia mzee. "Jaribu sasa."

Mzee Abdulkarimu aligusa neno lake kwa kidole kimoja. Baraza likafunguka, na kofia juu kabisa.

Alishuka chini taratibu mpaka kwenye maoni. Akayasoma ya msomaji wa Kalemie, mdomo ukisogea. Akayasoma tena.

"Haya sikuyapitisha mimi."

"Aliyapitisha Haruna," alisema Regina. "Na aliyaandika. Hicho tu ndicho alichokuja kufanya jioni ile. Alikuwa anaona haya kukuambia, na ndiyo maana alinidanganya mara moja. Nimeona ulijue lote."

Shadia alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, haendi mbele wala harudi nyuma.

Mzee aliendelea kutazama kioo. "Hapakuwa na boti ya jirani," alisema.

"Hapakuwa."

"Na ziwa lilikuwa limelala kama maziwa." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu. "Lakini anaandika vizuri. Hapa anaposema mawimbi yalisimama kumpisha nahodha, hapa mimi mwenyewe nisingefika. Miaka yote hii hakuna mtu kwenye nyumba hii aliyetaka kuandika na mimi." Akamtazama binti yake. "Mwambie avae, aje. Asichelewe kwa wazee wake."

Shadia aliliweka sinia chini na kukimbia kutafuta simu.

Wazee wa Ilagala waliingia wakiwa wamelowa hadi magotini, kwa sababu boti yao iligoma kusogea ufukweni, na Bi Ashura akawatafutia vikoi vya kubadilisha. Haruna alifika nyuma yao kwenye pikipiki, kanzu nyeupe kabisa, akaketi mwisho wa mkeka. Regina alitaka kuaga. Bi Ashura akamsukuma bega akae, akamwambia kazi ikiisha watu wanakula.

Kwa desturi jibu la posa hutolewa na msemaji, na msemaji alikuwa ameshajikohoza. Mzee Abdulkarimu alimwinulia mkono, akasimama mwenyewe. Alianza kwa salamu. Akaishukuru safari ya wageni. Akaitaja Ilagala na watu wake, akamtaja babu yake Haruna kwa jina, akasema kwamba alipokea barua yao kwa mikono miwili, kwamba aliitafakari, kwamba wiki hii alipata sababu ya kuitafakari zaidi, na kwamba baada ya uchunguzi wa Afande aliyeketi pale, yeye na nyumba yake wameona kuwa kijana huyu, Haruna—

Vigelegele vilipasuka nyuma ya ukuta. Bi Ashura alianzisha, majirani wakapokea, na mtu akaanza kupiga sinia. Wazee wa Ilagala walikuwa wamesimama, wanakumbatiana. Pazi alikuwa analia waziwazi huku akimtikisa Haruna mkono kama anayevuta kamba ya injini.

Mzee Abdulkarimu alibaki amesimama katikati, mkono ungali hewani.

"Sijafika," alisema. "Nyamazeni. Neno lenyewe bado sijalisema."

Hakuna aliyemsikia. Alingoja mpaka sinia liliponyamaza na watu wakaketi tena mmoja mmoja, wakifuta macho. Akalirekebisha joho lake, akawatazama wageni wote kwa zamu, akavuta pumzi.

Kisha akaanza upya, kutoka kwenye salamu.